Nta ya Injinia Gathogo

Gathogo hakuwa injinia. Alikuwa fundi wa redio za nyumbani aliyewahi kununua koti jeupe, na koti hilo ndilo lililompa shahada. Tangu alipoanza kulivaa katika yadi ya Mzee Kagwe pale Thika, mwaka wa tisini na nne, hakuna aliyethubutu kumwita kwa jina tupu.

Mzee Kagwe alikuwa na malori saba ya kubeba mishiri, yale maharagwe membamba ya kupelekwa Ulaya, na mishiri haingoji mtu juani. Kwa hiyo kila lori lilifungwa redio ya mawasiliano, na ikasimamishwa minara miwili ya kuyasikiliza: mmoja Thika, kwa malori ya upande wa Ngoliba, wa pili Ruiru, kwenye ghala la baridi, kwa yale ya Mugutha. Minara miwili, lakini masafa ya redio ni yale yale, maana leseni iliyopatikana ilikuwa moja tu. Ruiru alisikiliza Muna. Thika alisikiliza Akoth, na mtoto wake Perez, wa miezi saba, akilala chini ya meza ndani ya katoni ya mishiri.

Kila redio ilikuwa na swichi ndogo ya kushusha nguvu ukiwa karibu na mnara. Gathogo alizisukuma zote juu mpaka mwisho, kisha akazimiminia nta nyekundu, ile ya kufungia bahasha, asije dereva akazigusa. "Nguvu ni heshima," alisema, na madereva wakamnunulia nyama choma. Erastus, dereva ambaye kazi yake ilikuwa kupakia Mugutha, hatua chache tu kutoka mnara wa Ruiru, alijisifu kwamba akikohoa Mugutha anasikika Thika. Na kweli alisikika. Alikohoa, akaimba, akauliza chai iko wapi, na yote hayo yakaingia katika chumba cha Akoth kama ng'ombe walioachiliwa kwenye sukuma wiki.

Aliyeumia ni Kaleli. Yeye alikuwa mbali, kule Ngoliba kwa jua na vumbi, na redio yake ilikuwa kuukuu. Jumanne rejeta ilimpasukia njiani. Aliita Thika mara tisa. Mara zote tisa Akoth alisikia Erastus akisimulia mechi. Kufika jioni mishiri ilikuwa imelegea kama kamba za viatu.

"Mitambo yangu ni mizima," Gathogo alimwambia Mzee Kagwe kesho yake, mbele ya watu wote. "Ubovu uko kwa kiti. Huyu mama ananyonyesha huku anasinzia. Atasikia nini?"

Madereva wakacheka.

"Mimi nasikia kwa masikio, Injinia," Akoth alisema. "Wewe unasikia kwa koti?"

Wakacheka zaidi, ila Mzee Kagwe hakucheka. "Wee Mama Perez, mimi sina neno na mtoto. Lakini mzigo mzima umeoza. Ijumaa naweka mtu mwingine hapo."

Miaka miwili Akoth alikuwa amekwenda madarasa ya jioni kusomea redio, ule wa pili akiwa na tumbo lililogusa dawati, na katika Thika yote hakuna kiti kingine ambacho kingemkubali pamoja na katoni yake.

"Mzee, nipe asubuhi moja," alisema. "Kesho. Niondoe hiyo nta, kila lori litumie nguvu ya kufika mnara wake tu. Mnara ukiitwa na wawili hushika mwenye nguvu, mnyonge akamezwa. Wewe una ploti ya kupangisha, unajua. Vyumba kumi vikifungulia redio kila mmoja amshinde jirani, nani anasikia taarifa ya habari?"

"Haiya!" Gathogo alipiga makofi. "Umewahi kuona mtu ananyamaza ndio asikike? Hayo ndiyo mnafundishwa usiku?"

"Jioni," Akoth alisema.

Mzee Kagwe alikubali. Si kwamba alielewa. Alikuwa ameshamfukuza, na asubuhi moja haikumpunguzia kitu.

Alhamisi alfajiri Akoth alizunguka yadi, mtoto mgongoni, akikwangua nta kwa pini ya nywele. Ya Kaleli aliikwangua, lakini swichi akaiacha juu, kwa kuwa yeye ndiye wa mbali. Nyingine sita alizishusha.

"Unanihasi, Mama Perez," Erastus alilalamika.

"Ukienda mbali, pandisha. Hata huyu aliye mgongoni hapigi mayowe akitaka kuniita."

Ikabaki redio ya nane, iliyokuwa katika pikapu ya Gathogo.

"Ya injinia haishikwi na mwanafunzi," alisema Gathogo, akawasha gari, akaenda zake Mugutha kusimamia. Kusimamia nini, mpaka leo hakuna ajuaye.

Saa nne Mzee Kagwe alikuja chumbani, akakalia kreti. Redio ilikuwa kimya. Erastus alikuwa akiongea na Muna huko huko Ruiru, na Thika haikupata hata kikohozi. Kisha ikaja sauti nyembamba kama uzi, lakini uzi usiokatika.

"Thika, Thika, hapa Kaleli, Ngoliba. Nimejaza. Lakini mto umekula barabara, sijui nipitie—"

"HAPA INJINIA GATHOGO! NIKO MUGUTHA! NASIKIKA NAMNA GANI?"

Perez aliamka akilia. Mzee Kagwe alisimama. "Kaleli ameenda wapi?"

"Yuko pale pale, Mzee," Akoth alisema akimwinua mtoto. "Amekaliwa."

"NAULIZA, NASIKIKA? HAO WA MADARASA YA JIONI WAMEIPATA NGOLIBA?"

Mzee Kagwe alinyakua kipaza sauti. "Unasikika, Gathogo," alisema, na lile neno injinia likabaki njiani. "Unasikika kuliko mtu yeyote. Sasa zima hiyo takataka, uing'oe, uniletee hapa."

Kimya kikarudi. Na ndani yake, uzi ule ule: "...nipitie wapi? Thika, nipitie wapi?"

"Pitia njia ya juu, ya shuleni," Akoth alimjibu. "Nakusikia vizuri, Kaleli. Kuja pole pole."

Mzee Kagwe alielekea mlangoni.

"Na Ijumaa?" Akoth aliuliza.

"Ijumaa ni siku ya kazi, Mama Perez. Kwani umesahau?"

Adhuhuri lori la Kaleli lilipita yadini, mishiri ikiwa bado imesimama. Gathogo aliingia nyuma yake, redio mikononi na nta yake bado juu, koti limejaa grisi. Akataka kueleza jambo kuhusu hali ya hewa. Akoth alichomoa pini nywelini, akamkabidhi. Nta ni yake; aikwangue mwenyewe.