Alama Nne Mkononi mwa Winifred

Kwa miaka kumi na mmoja chumba namba saba kilikuwa ufalme wa Glenys Tordoff. Aliyelala humo ni Bibi Winifred Haxby, msuka nyavu wa bandari ya Grimsby, ambaye kiharusi kilimnyang'anya miguu na maneno, kikamwachia mikono tu. Katika makao yale ya wazee Glenys peke yake ndiye aliyejua kwamba bibi hali uji usio na chumvi. Kila alipomaliza kumlisha, bibi alimbana vidole viwili, na Glenys akatoka kifua mbele.

Kisha akaajiriwa Kieran. Kijana wa miaka ishirini na mitatu, kipini puani, zamu yake ya kwanza akampakatisha bibi bonge la kamba ya kijani. Ile mikono ikaamka. Ikapiga fundo, ikapiga jingine, na Winifred, aliyekuwa kimya miaka yote, akacheka.

"Glenys, njoo usikie! Anacheka!"

"Nimesikia. Hata kuta zimesikia."

Jikoni mpishi hakumwonea huruma. "Umepinduliwa, mama. Miaka yako hamsini na nne kwa ishirini na tatu yake, hapo hata mimi ningecheka."

"Kata karoti zako wewe."

Alicheka, lakini ndani palikuwa panaungua. Tangu siku hiyo hakubanwa vidole tena. Mikono ya bibi ilikuwa na kazi.

Ijumaa asubuhi Kieran alichungulia mlangoni. "Tumnyanyue pamoja, dada? Nimeleta mashine ya kunyanyulia."

"Nimeshamaliza, bwana mdogo. Rudisha mashine yako."

Kweli, Winifred alikuwa ameshakaa kitini, anahema.

Jumapili, wakati wa kumwogesha, Glenys aliziona: juu ya kiwiko cha kushoto, alama nne za zambarau kwa nje, na ya tano kwa ndani. Kuna mtu aliyemkamata bibi kwa nguvu. Na moyo wa Glenys, Mungu amsamehe, uliruka kwa furaha.

Alichukua karatasi yenye mchoro wa mwili, akatia kila alama mahali pake, akaandika kwa mwandiko safi kuliko wa siku zote. Meneja alipomuuliza anamshuku nani, hakusita. "Kijana ndiye anayemshikashika mikono kutwa."

Kieran akarudishwa nyumbani siku hiyohiyo. "Mimi?" alisema tu, sare ya kazi ameikunja kwapani. "Winnie wangu?"

Hilo *wangu* Glenys alilitafuna usiku kucha.

Jumatatu akaja mwanamke wa halmashauri, mwenye kazi ya kuwalinda watu wazima wasioweza kujitetea. Alimkagua Winifred taratibu, akaagiza chai, hakuigusa. Akavua koti na kunyosha mkono wake wa kushoto.

"Nionyeshe, mpenzi. Mtu angeshikaje hata aache alama kama hizi?"

Glenys alisimama upesi. Akainama, akapitisha kiganja chini ya kwapa la mgeni, akateremka hadi juu ya kiwiko, akakaza, akavuta juu. Hakuhitaji kufikiri; mkono wake ulikuwa unaijua njia. Akaganda hapohapo, ameinama.

"Ni namna ya kumnyanyua mtu kitandani bila mashine," mgeni akasema polepole.

"Ndiyo."

"Na mashine ni watu wawili, saini mbili." Akafungua jalada la chumba namba saba. "Ijumaa naona saini moja. Hii ni ya nani?"

Ilikuwa yake. Pembeni, nafasi ya pili ilikuwa tupu. Angeweza kusema Kieran alikuwepo, ila alisahau kutia saini. Kijana asiyetimiza hata mwezi kazini, nani angemwamini? Neno lilishafika ulimini.

Winifred alikuwa kitini, kamba mapajani, haisuki. Glenys alimnyoshea vidole viwili, kama zamani. Bibi akauvuta mkono wake wa kushoto, akauficha ndani ya sweta.

Miaka kumi na mmoja, hakuwahi kufichwa mkono.

"Ni mimi," Glenys alisema. "Sikutaka kumwita yule kijana. Sikutaka amguse. Nilimvuta peke yangu, nikasikia amegumia, nikajidai sikusikia. Kieran hakuwepo. Andika hivyo, kwanza hilo la Kieran."

Mwanamke akaandika. Glenys akatia saini, akaambiwa asubiri uamuzi akiwa kwake.

Jumatano alifuata viatu vyake vya zamu. Alipita namba saba bila kugeuza shingo, akapita mwendo wa mtu asiye na shida. Mlango ulikuwa wazi. Ndani Winifred alikuwa anacheka, na sauti ya Kieran ikimjibu.

"Uji wake utieni chumvi," Glenys akasema kwa sauti, akiukabili ukuta. "Kidogo tu. Na msimwambie ni mimi niliyesema."

Kisha akiwa kituo cha basi, viatu mapajani, akajisahihisha peke yake: angependa sana wamwambie.