Bega la Sella

Khamala, mwalimu wa bendi yetu, alikuwa na mtihani wake, na mtahini alikuwa mmoja tu: Sella, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, wa Kisumu Ndogo kule Kibera. Usicheke. Wimbo ukisharekodiwa kule Kawangware, katika chumba cha uani kwa Mzee Kihara, ukutani kumebandikwa trei za mayai ili kelele za majirani wa ploti zisiingie, Khamala hakuuliza mtu mwingine. Alibeba redio kaseti yake hadi Kibera, akaiweka kando ya gunia la omena, akabonyeza. Sella akitingisha bega, wimbo umepita. Asipotingisha, rudini mkapike upya, na asiwepo wa kununa.

"Kwani huyu mama anajua muziki?" Kavetsa alimuuliza siku za kwanza, bado msichana mgeni kwenye bendi, sauti tamu na mdomo mwingi.

"Ana kazi mkononi," Khamala alisema. "Hana muda wa kukudanganya." Baadaye, siku ambazo hakuweza kwenda mwenyewe, alimtuma Kavetsa na ile redio.

Sasa Khamala alikuwa ametutoka, mwaka ulikuwa unatimia, na Jumamosi ilikuwa kumbukumbu yake. Bendi ilimwachia Kavetsa atunge wimbo wa mwalimu wao. Ulikuwa wimbo wake wa kwanza bila Khamala, na jamani, aliuogopa! Alitaka jambo moja tu: usimwaibishe mzee. Kwa hivyo akautia heshima. Gitaa likaenda polepole, kinanda kikaomboleza, mwenyewe akaimba kwa sauti ya matanga. Mzee Kihara akatoa leso. Wanabendi wakasema, "Hapana cheza na Kavetsa!"

Lakini roho yake haikutulia. Wimbo ambao haujapita kwa Sella haujapita. Alhamisi asubuhi akabeba ile redio kaseti ya marehemu mpaka Kisumu Ndogo.

Sella alisikiliza huku akipima omena kwa gorogoro, kopo lake la kupimia. Bega kimya. Shingo kimya. Mteja mmoja akavua kofia.

"Ni nani amekufa?" Sella akauliza.

"Mama, si ni Khamala! Hii ni wimbo yake."

"Khamala gani? Ule mtu alikuwa anakuja hapa anauliza omena zangu kama zimeoga? Huyo simsikii. Mimi nasikia mchungaji. Zima, unanifukuzia wateja."

Kavetsa aliwaka. Akabeba redio yake bila kuaga, akamsema Sella moyoni njia nzima, yeye na gunia lake. Alikuwa amekaribia Kawangware alipokumbuka. Zimeoga? Kweli, mzee aliuliza vile kila mara, tena kwa adabu, ameinama, kofia mkononi. Kavetsa akacheka peke yake barabarani mpaka mpita njia akamhepa. Mbona hakuweka hata kicheko kimoja cha mtu yule?

Ijumaa wakapika upya. Shivachi, mpiga gitaa, akalalamika, "Ni kumbukumbu, si harusi!"

"Wewe piga," Kavetsa akamwambia.

Gitaa likakimbia. Lile swali la omena likaingia kwenye kiitikio. Mzee Kihara akaja mlangoni kukemea fujo, akajikuta anapiga makofi, uso bado umekunjwa.

Jumamosi, kabla ya ibada, Kavetsa alikuwa Kisumu Ndogo tena. Alibonyeza moja kwa moja. Sella akaendelea kupima. Gorogoro likajaa, likafurika, mteja akafurahia nyongeza. Bega la kulia likaanza. La kushoto likafuata. Kisha Sella, macho kwenye omena, akasema kama alivyozoea kusema miaka yote:

"Haya, hiyo imepita. Enda umwambie Khamala."

Gorogoro likabaki hewani. Wakatazamana. Wimbo ulizidi kuuliza omena kama zimeoga. Sella akajifuta macho kwa kiwiko, maana mikono ilikuwa na samaki, halafu akaanza kucheka, na lile bega halikuacha.

"Nitamwambia, mama," Kavetsa alisema.