Chungu cha Jumamosi

Mama yake Imalingat alizoea kusema kwamba mdomo wa mwanawe ulizaliwa kwanza, mwili ukafuata baadaye. Kila Jumamosi mdomo huo ulipanda baiskeli mpaka banda la shule ya Buteba, ambako Imalingat na walimu wenzake watatu, wa pande zote mbili za mpaka wa Kenya, walikutana kufundishana kazi. Hakuna aliyewatuma. Ilikuwa miaka ile vijana walikuwa wamerudi kutoka vita vya Burma, shule za misheni zikiota kama uyoga, na walimu wengi walikuwa wamesukumwa mbele ya watoto na chaki mkononi, mengine wajijue wenyewe.

Mmoja alifundisha, wenzake wakakaa kwenye viti vya watoto, magoti yakigusa videvu. Akimaliza, alinyamaza wamweleze palipolegea. Kisha kila mmoja alitaja anachobeba kwenda nacho shuleni kwake, kama watu wanaofungiwa chakula cha harusi.

"Mimi nabeba swali lako la mwanzo."

"Mimi nabeba ulivyomsubiri yule aliyekwama."

Kilichobebwa kilikuwa cha wote.

Oboth wa Osukuru ndiye aliyekuwa mpole kuliko wote, na ndiye pekee asiye na cheti. Msimamizi wa misheni alikuwa amemwambia wazi: mkaguzi wa shule akija asiporidhika, chaki utaiacha, jembe utalishika. Jumamosi moja Oboth akaja na chungu na mirija mirefu, ile ile wazee wanayonyonyea pombe ya ulezi.

"Mwalimu Oboth," Imalingat akasema, "padri akikukuta na hiyo, utahubiriwa mpaka ulezi uote kichwani."

"Ni maji tu, ndugu yangu. Kaa chini."

Alitumbukiza mirija miwili, mmoja mzima, mwingine umepasuka juu kidogo ya maji. Mzima ulivuta. Uliopasuka, Oguttu, mwalimu mwenzao, alinyonya mpaka macho yakamtoka, hakupata hata tone. Kila mtoto wa huko amemwona babu akiziba ufa wa mrija kwa nta, Oboth alisema, lakini hakuna aliyewahi kumuuliza kwa nini. Ukianzia hapo, unamfikisha kwenye hewa: hewa inayosukuma maji yapande, na hewa inayoingia ufani ikaharibu yote.

Benedeta, aliyefundisha Busia upande wa Kenya, akasema, "Jibu umelitoa mapema mno. Waache wabishane kwanza." Oguttu akataka mtoto mwenyewe apake nta. Imalingat naye akainuka, akaigiza mzee mwenye mrija mbovu anayemgombeza mke wake kwa kumwekea pombe isiyopanda. Wakacheka mpaka Benedeta akajifuta machozi kwa kitambaa cha kichwa.

"Hiyo uiweke, Oboth," Imalingat akasema. "Mkaguzi akicheka, umepona."

Wakakubaliana kwamba Oboth atalifundisha somo hilo siku ya ukaguzi. Imalingat, mwenye baiskeli, akabaki na chungu ili alijaribu somo kwa wanafunzi wake, kisha akipeleke Osukuru kabla mkaguzi hajafika huko.

Mvua iliharibu mpango. Barabara ya Osukuru ikawa tope, mkaguzi akageuza gari, na Jumanne asubuhi akatokea mlangoni mwa darasa la Imalingat. Somo la hesabu aliloliandaa likamfia mikononi. Watoto, wakimtazama Mzungu, walisahau hata majina yao. Imalingat akageuka. Akaona chungu pembeni.

Dakika chache baadaye darasa zima lilikuwa linabishana. Imalingat alipofika kwenye igizo la mzee na mke wake, mkaguzi alicheka akashika ubavu.

"Hii nzuri sana, mwalimu," akasema kwa Kiswahili chake cha jeshini. "Wewe nafikiri yote hii peke yako?"

"Nani mwingine, bwana? Labda babu yangu, na yeye alikuwa amelewa."

Darasa likaangua kicheko. Ulikuwa utani tu. Alitaka aongeze jina la Oboth hapo hapo, lakini mkono wake ulikuwa tayari ndani ya mkono wa mkaguzi, ukitikiswa mbele ya mwalimu mkuu, na mdomo ule usiokosa neno ukakosa.

Kesho yake jioni alisukuma baiskeli kwenye tope mpaka Osukuru, chungu kimefungwa nyuma. Alikuwa amejipanga kusema: badilisha somo, mimi nimelitumia. Alimkuta Oboth anajizoeza peke yake, akiigiza mzee mlevi kwa sauti ya mtu anayeomba radhi.

"Naenda vizuri?" Oboth akauliza. "Namwogopa huyo mkaguzi. Lakini nikikukumbuka wewe, nacheka."

Imalingat akanywa uji aliopewa. "Uko tayari," akasema.

Jumamosi Oboth alifika kwa miguu, amechelewa. Alikaa kwenye kiti cha mtoto bila kuambiwa.

"Mkaguzi alinisimamisha katikati ya somo," akasema. "Aliniambia ameshaliona, kwa mwalimu anayelijua, na mimi ni mwigaji. Nikamwambia hili ni letu sisi. Akauliza, sisi ni nani?"

"Nani alimwonyesha?" Benedeta akauliza.

Imalingat akainua mkono, kama mwanafunzi.

"Haya. Utakwenda Tororo, ofisini kwa mkaguzi," Benedeta akasema. "Utamwambia mwenyewe, kwa mdomo wako huo."

Alikwenda. Mkaguzi alimpokea kwa furaha, akamwambia amempendekeza awe mkufunzi katika chuo cha walimu, akamuuliza ana shida gani. Imalingat alitazama kofia aliyoishika mkononi. Akasema amekuja kushukuru. Aliporudi Buteba akawaambia wenzake kwamba mkaguzi hakuwepo ofisini.

Hakuna aliyemkaripia. Ila Jumamosi zilizofuata watu walileta masomo ya kwenye vitabu, yale ambayo hayana mwenyewe, na hakuna aliyekuwa na la kubeba. Mvua zilipokwisha, Oboth alikuwa ameshaiacha chaki, na banda lilikuwa la mbuzi.

Miaka ikapita. Imalingat, sasa mkufunzi mwenye kitambi na sifa, alipita kwenye mizani ya pamba nje ya Tororo, akaisikia sauti ile ya upole ikiita uzito wa magunia.

"Mwalimu!" Oboth akamwita, akamkumbatia, nyuzi za pamba zikimganda Imalingat kwenye koti. "Bado unafundisha ya chungu?"

"Bado."

"Nionyeshe basi. Lori halijafika."

Imalingat alikuwa na chungu chake cha kufundishia garini. Oboth alikaa juu ya gunia, magoti karibu na kidevu. Imalingat akafundisha kama hajawahi kufundisha, kisha akaketi, akanyamaza, kama zamani.

"Umekuwa mzuri," Oboth akasema. "Ila yule mzee na mke wake wanakaa mno. Watoto watamkumbuka mlevi, hewa wataisahau. Mimi ningemtoa."

Imalingat akaitikia kwa kichwa, akasubiri. Palikuwa pamebaki neno moja, na mwenye kulisema hakuwa yeye.

Oboth akatabasamu, akakitazama chungu.

"Unangoja niseme nabeba nini?" akauliza. "Nitapeleka wapi, ndugu yangu?"

Lori likapiga honi. Oboth akainuka, akakung'uta suruali, akarudi kwenye mizani.