Pipa Chini ya Ngazi

Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo, lakini hao wahenga hawakuwahi kukutana na Norbert. Kwa miaka mingi, kila baada ya misa ya Kiswahili pale Saltley, Uingereza, watu wakiwa wanakunywa chai na kuulizana habari za nyumbani, Norbert alikuwa na kitu kimoja cha kutukana, na hakuchoka kukitukana: bia ya Waingereza, ile ya mapipa, inayovutwa kwa mkono na kuletwa mezani bila baridi.

"Ile haina bière, bana," alikuwa akisema. "Ile iko maji ya kunawisha mutoto."

Halafu anafanya ile sura yake. Jicho moja linafumba, mdomo unakwenda upande, shavu linatetemeka kama la mtoto aliyenyweshwa kwinini. Watu walicheka mpaka wakaweka vikombe chini. Hata padri alicheka, ingawa kwanza alijifanya anatafuta leso.

Yeye kinywaji chake kilikuwa bia iliyolala kwenye barafu mpaka chupa itoke jasho. Alizaliwa Walungu akakulia Bukavu, na Bukavu ya ujana wake chupa baridi ndiyo iliyomtenga mtu wa mshahara na mtu wa kijijini. Sasa alikuwa akiendesha forklifti kwenye ghala moja la Washwood Heath, anakaa Shard End na mkewe Léocadie, na binti yao wa pekee, Rosine, alikuwa nesi. Friji lake halikukosa makopo.

Basi Rosine akapata mchumba. Kijana anaitwa Oliver, fundi umeme, mpole, anakula ugali kwa mkono na kuumaliza. Norbert alimpenda tangu siku ya kwanza. Kasheshe ilikuwa baba yake. Huyo Clive alikuwa na baa ndogo ya kona, ya zamani, na maisha yake yote aliyatoa kwa kazi moja: kutunza bia ya mapipa kwenye stoo iliyo chini ya sakafu. Katika jiji zima lenye watu wa kila kazi, binti wa Norbert alikwenda kumpata mtoto wa yule.

Wazazi walipokutana mara ya kwanza, Clive aliwaalika kwenye baa yake. Alimvutia Norbert glasi moja taratibu, akaiweka mbele yake kwa heshima. Norbert akapiga funda, na sura ikaja yenyewe bila kuitwa. Kisha, akidhani anaokoa jahazi, akaomba barafu. Clive aliichukua ile glasi, akaimwaga, akaiosha mwenyewe, akaifuta na kuirudisha kwenye rafu. Tangu siku hiyo salamu zake kwa Norbert zilikuwa fupi.

Sasa ikafika zamu ya posa, na kwao kina Norbert posa haipokewi kwa maneno matupu. Upande wa kijana ndio unaoleta pombe. Baba wa msichana anakunywa wa kwanza, kwa kata ya kibuyu, mbele ya wote. Akipiga funda lake anampa mama, mama anampa binti, binti anaipeleka kata kwa kijana, na hapo mambo yamekwisha. Baba akiiweka kata chini au akikunja uso, mambo pia yamekwisha, ila kwa namna nyingine.

Rosine alimwomba Oliver alete makreti ya chupa, kama wanavyoleta wote. Clive akakataa katakata. Siku ya mwanawe, alisema, haleti bia ya mtu mwingine. Ataleta yake.

Rosine alikuja Shard End na macho mekundu. "Papa, please. Ukifanya ile sura, Clive atasema mumemukataa. He already thinks munamudharau. Na tonton Aganze atasema mila imekataa. It's over, Papa. Kabisa."

Tonton Aganze alikuwa kaka mkubwa wa Norbert, mkazi wa Sheffield na mlinzi wa mila, hasa zile zinazowahusu watu wengine.

"Sitaifanya," alisema Norbert. "Mimi si mutoto."

"Tuone basi," alisema Léocadie. Akammiminia chai iliyopoa kikombeni, akamwambia ajifanye ndiyo ile bia. Norbert akajikaza, akashusha mabega, akanywa. Jicho likafumba. Mdomo ukaenda upande. Na hiyo ilikuwa chai tu, tena yenye sukari.

Rosine akatoka nje kulia. Norbert akabaki ameshika kikombe, na kwa mara ya kwanza ile sura yake haikumchekesha mtu yeyote, hata yeye mwenyewe. Alimpenda mno mtoto yule. Aliogopa uso wake mwenyewe kama mtu anayeogopa mbwa wake asimwumize mgeni.

Ndipo akapata ujanja. Kata ya kibuyu haionyeshi kilichomo. Siku ya posa Léocadie ataijazia jikoni, kutoka kwenye kopo baridi la frijini, na yeye atakunywa akitabasamu. Nani atajua?

"Ndiyo, papa Rosine," alisema Léocadie, kwa ile sauti yake ya upole uliozidi. Mume wa miaka yote ile alipaswa kuijua sauti hiyo.

Jumatano Clive akaleta pipa, dogo, la chuma, limelala kifuani mwake kama mtoto mchanga. Alitembea nyumba nzima akitafuta mahali pa baridi, akapachagua chini ya ngazi. Akalilaza juu ya vipande vya mbao, akalipigia koki mbele, na juu yake akachomeka kijiti cha mti laini ili lipumue. Mwisho akalifunika kwa taulo lililolowa maji.

"Bia hii iko hai," alimwambia Norbert. "Bado inafanya kazi. Usiisogeze. Usiitikise. Taulo lisikauke, na nyumba isipate joto. Jumamosi itakuwa tayari."

"Hai," Norbert alirudia neno hilo kwa Léocadie mlango ulipofungwa. "Iko na pasipoti pia?"

Lakini alikuwa mtu wa neno lake, na jioni hiyo akapiga magoti kulilowesha taulo. Akasikia kitu. Shhh, kidogo sana, kwenye kijiti. Akasogeza sikio.

Sauti ile aliijua. Kule Walungu baba yake alikuwa mkamuaji wa kasiksi, pombe ya ndizi. Akiimimina kwenye hodhi la mti aliifunika kwa majani ya mgomba, na hakuna aliyeruhusiwa kukimbia karibu yake. Mzee alikuwa akiinama, anasikiliza, kisha anainuka. Alipokuja mjini kumtembelea alileta kasiksi yake kwenye kidumu, na Norbert alimwambia aache tu, papa, hapa kuna chupa baridi. Mzee alikunywa chupa baridi. Alisema ni nzuri. Kidumu kilirudi naye kijijini.

Kuanzia Alhamisi nyumba ile haikukalika. Norbert alizima hita zote, na ilikuwa Novemba. Mashine ya kufulia ikapigwa marufuku kwa kuwa inatikisa sakafu. Rosine alipopita kuchukua nguo zake akaambiwa apande ngazi bila viatu.

"Tunakaa na makoti ndani ya nyumba juu ya bière," alisema Léocadie, kofia ya sufu masikioni. "Nilipokuwa na mimba ya Rosine ulinipandisha mulima na ndoo ya maji kichwani. Hukuniambia nisitikisike."

"Ni heshima tu ya wageni," alisema Norbert, na akaenda kulowesha taulo ambalo halijakauka.

"Na kopo? Bado unalitaka?"

"Kopo ni lazima. Bière ya moto ni bière ya moto."

Jumamosi sebule ikajaa. Aganze alishuka kutoka Sheffield na suti ya kijivu, akakaa mahali ambapo angeziona nyuso zote. Clive alifika kabla ya wenzake, akaenda moja kwa moja chini ya ngazi, na Norbert akamfuata kwa wasiwasi, kama mlezi aliyekuja kurudisha mtoto kwa mwenyewe. Clive akafungua koki, akajaza glasi kidogo, akaiinua dirishani. Ilikuwa na rangi ya chai ya rangi, safi, unaweza kuona mti wa jirani upande wa pili. Akainusa. Akaonja yeye mwenyewe kwanza, akafumba macho, akatikisa kichwa kukubali. Kilichobaki akampa Léocadie, ambaye alikunywa, kisha akamtazama mumewe.

Norbert alikuwa amesimama kama aliyepigwa butwaa. Kwao mwenye pombe ndiye anayeonja kwanza, mgeni ajue haina ubaya. Huyu mzungu nani alimfundisha?

Hakuwa na nafasi ya kuuliza. Wageni walikaa, sala ikasaliwa, Aganze akasema maneno marefu. Rosine alikuwa amepiga magoti kwenye mkeka, mikono imekamatana, anamtazama baba yake usoni, wala haangalii kitu kingine. Léocadie akatoka jikoni na kata, akaishika kwa mikono miwili, akampa mumewe. Norbert akatabasamu kabisa kabla ya kunywa, kwa kuwa alijua ni kopo.

Halikuwa kopo.

Haikuwa baridi ya kuuma meno. Ilikuwa na ule ubaridi wa maji ya mtungi. Gesi haikumpiga puani. Kwanza ikaja ladha ya mkate uliotoka tanuri, kisha utamu kidogo wa tunda lililoiva sawasawa, na baadaye uchungu safi, ukakaa kooni bila haraka. Siku ile kwenye baa alikuwa ameinywa na barafu akilini, hakuionja. Sasa ameilinda siku tatu nzima, ameisikia ikipumua, na ulimi wake ulikuwa kimya, unasikiliza. Akapiga funda la pili, ili ahakikishe. La tatu lilikuja lenyewe.

Aganze akakohoa. Kata ilipanda, ikapanda zaidi, mpaka ikauficha uso wote wa Norbert, na hakuna aliyejua kama nyuma yake ile sura ipo au haipo. Iliposhuka, uso ulikuwa umetulia. Macho yalikuwa na machozi.

Aganze akachungulia ndani ya kata. "Norbert! Umekunywa ya maman! Umekunywa na ya mutoto! Kata iko mutupu! Mila inasema nini juu ya kata mutupu?"

"Mila haikuwaza mutu kama huyu," alisema Léocadie.

Kelele zikaanza. Clive, asiyejua neno hata moja la Kiswahili, aliona watu wanasimama na Rosine amejifunika uso, akawa mwekundu, akamwuliza mwanawe kama bia imeharibika. Norbert akavuka mkeka mpaka mbele yake. Alisema kwa Kiingereza, polepole, ili wote wasikie.

"Siku ile kwenye baa yako nilikukosea heshima. Nisamehe." Akaitazama kata mkononi. "Baba yangu alikuwa anatunza pombe hivi. Anaifunika, anaisikiliza, anaonja yeye kwanza. Sikuwahi kumwambia kwamba ni nzuri. Nakuambia wewe. Ni nzuri sana."

Clive alichukua kata mikononi mwa Norbert, kama alivyochukua glasi siku ile, lakini safari hii hakuiosha. Alikwenda chini ya ngazi akaijaza, akairudisha bila kumwaga tone. Norbert akapiga funda moja, la adabu, Léocadie akimsimamia karibu asije akasahau tena. Kisha akampa mama, mama akampa Rosine, na Rosine akaipeleka kwa Oliver huku analia na kucheka pamoja. Vigelegele vikapanda hadi nyumba ya jirani.

Baadaye, watu wakiwa wanakula, Aganze alikwenda frijini akarudi na makopo mawili baridi, akamfungulia mdogo wake moja. Norbert hakutaka kumvunjia kaka heshima. Akapiga funda.

Jicho moja likafumba. Mdomo ukaenda upande. Shavu likatetemeka. Clive, ambaye alikuwa ameiona sura ile mara moja tu maishani, aliitambua papo hapo kutoka upande wa pili wa sebule, akacheka mpaka ikabidi ashikilie meza.