Chumba cha Manjano Ukutani

Fundi Brashi alikuwa amepaka rangi nusu ya nyumba za mtaa wao, lakini hakuwahi kuchora hata kikombe. Yeye na kuta tu: alizipiga msasa, akazipaka mpaka zikawa laini kama yai. Mkewe alipomwomba amchoree picha, alicheka.

"Mimi na kuchora wapi na wapi, mke wangu?"

Mkewe hakucheka. Presha ya macho ilikuwa inampokonya dunia kidogo kidogo, na daktari alishasema kilichokwenda hakirudi. Kwenye kalenda ya zamani, ambayo mama huyu aligoma kuitupa, kulikuwa na picha ya mchoraji wa Ulaya wa zaidi ya miaka mia iliyopita: chumba cha manjano, meza yenye kitambaa chekundu, na mwanamke ameinama akishona, maua ya ukutani yamemsogelea kama yanataka kummeza.

"Siioni tena hapo ilipo," alisema. "Nichoree kubwa, ukuta mzima, kabla macho haya hayajafunga duka."

Brashi akaenda kwa jirani yao, mwalimu mstaafu wa uchoraji. Akapewa rangi na kipande cha ubao ajaribu kuinakili kwa udogo kwanza. Mwalimu alipoiona kazi yake akajishika kiuno.

"Fundi, hapa umepaka chumba, hujakichora. Mwenzio wa kwenye kalenda hakulainisha kitu. Kivuli hiki chini ya meza ni rangi gani?"

"Nyeusi, mwalimu."

"Tazama tena."

Brashi akakodoa macho mpaka machozi yakamtoka. Kivuli kilikuwa cha zambarau, na ndani yake vidoa vya kijani.

Akajifunza kuweka rangi doa kwa doa, ingawa mkono ulikuwa ukimponyoka na kurudia kulainisha. Alipohamia ukuta wa sebuleni, meza ilimkubali. Mwanamke akakataa katakata. Kila akimchora, anazama kwenye maua. Anamfuta, anaanza upya. Mkewe naye akaanza kujigonga kwenye miimo ya milango, na mchana kweupe akauliza nani amezima taa.

Alasiri moja Brashi akamshika mkono, akamsimamisha mbele ya ukuta.

"Haya, sema kweli. Nimeharibu?"

"Nzuri, baba watoto. Hasa hilo dirisha. Mwanga wake umeupatia."

Kwenye ile picha hapakuwa na dirisha, wala Brashi hakuwa amechora dirisha. Akamtazama mkewe. Uso wake ulikuwa umeelekea mlangoni, anatabasamu kama mtu anayemkaribisha mgeni asiyemjua.

"Lilinisumbua hilo," Brashi akasema.

"Na mwanamke je?"

"Bado. Ndiye niliyebaki naye."

Kesho yake alimrudishia mwalimu rangi zilizosalia. Mwalimu alimsihi amalize, hata kwa ajili ya nafsi yake.

"Nafsi yangu haikuagiza picha, mwalimu," akajibu, akaondoka.

Lakini mkewe aliendelea kuvuta kiti kila alasiri, kama alivyozoea, akikaa kumsikiliza akifanya kazi. Basi Brashi hufungua kopo tupu, huchukua brashi kavu, na kuisugua ukutani palipo na doa la mwanamke aliyefutwa.

"Umefika wapi?" mkewe huuliza.

"Kwenye vidole," humjibu. "Vidole vigumu sana hivi."

"Usiharakishe," husema mkewe. "Nipo."