Upepo Ambao Haukuwepo

Ndoo ya zege ilikuwa inaning'inia juu ya vichwa vya mafundi sita, na mimi kwenye kibanda cha kreni nilikuwa nimebana mapaja mpaka yananitetemeka. Shusha ndoo kwanza, nilijiambia, mengine baadaye. Mkono ukanicheza. Ndoo ikayumba, fundi mmoja akajitupa kifudifudi, nayo ikapita palepale kilipokuwa kichwa chake.

"Gundi! Kuna nini huko juu?" Alikuwa Kasuku kwenye redio, mtoa ishara wangu aliyeniongoza kutoka chini, mtu asiyefunga mdomo hata akitafuna.

"Upepo," nikasema. Suruali yangu ilikuwa imelowa.

Gundi lilikuwa jina la sifa. Nikishapanda ngazi asubuhi, sishuki mpaka jioni. Wanaume walionitangulia kwenye kiti kile walikuwa na chupa zao za kukojolea. Mimi nilikuwa na kibofu changu tu, basi nikaacha kunywa maji. Tangu nimzae mwanangu wa pili nilikuwa navuja nikikohoa, nikasikia wanawake wakisema dawa yake ni kubana. Nikabana. Kitini, jikoni, kwenye foleni, kutwa kucha. Hali ikazidi kuharibika, nami nikadhani sibani vya kutosha. Ujinga gani ule, jamani!

Jioni hiyo msimamizi alimsimamisha Kasuku kazi, kwa sababu kuangalia bendera ya upepo na kutangaza ukivuma ilikuwa kazi yake.

"Bendera ilikuwa imelala, bosi, haki ya Mungu," Kasuku alisema, akanigeukia. Nilikuwa nimejifunga sweta kiunoni. Nilinyamaza kimya, na mpaka leo nikikumbuka uso wake naona aibu.

Wifi yangu ndiye aliyenikuta nafua ile suruali kwa mara ya tatu. Hakuuliza mengi. Kesho yake alinishika mkono mpaka hospitali, kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mama mfupi aliyenieleza kila atakachofanya na kuniomba ruhusa kabla ya kunigusa. Akavaa glavu, akanipima ukeni kwa kidole.

"Kaza. Haya, achia."

"Nimeachia."

"Bado."

"Nimeachia, mama!"

"Mwanangu, misuli hii haijaachia hata kidogo tangu ulale hapa. Hebu kunja ngumi." Nikakunja. Akaninyooshea kikombe cha maji. "Bila kuikunjua, pokea."

Nilicheka, halafu kicheko kikageuka kilio. Akaniacha nilie. Kisha akanieleza kwamba misuli inayoshikilia kibofu changu ilikuwa imechoka kwa kukazwa mchana na usiku, kwa hiyo kikohozi kikija haina tena nguvu ya kukaza. Tutaanza na kupumua, alisema, tumbo lijae, chini kulegee. Nguvu tutaijenga baadaye.

"Na maji unywe. Na chooni uende."

"Kazini kwangu hakuna kushuka."

"Nani kasema?"

Hakuna mtu aliyewahi kusema.

Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja kwa msimamizi. Kiti kile ndicho kilicholisha nyumba yangu. "Hakukuwa na upepo," nikamwambia. "Nilibanwa na mkojo nikashindwa kutulia." Akamrudisha Kasuku, mimi akaniondoa kwenye kreni mwezi mzima. Ndani ya mwezi huo nilijifunza kuachia, mkono tumboni, pumzi baada ya pumzi, mpaka siku moja kitu kikalegea ambacho nilikuwa nimesahau kwamba hulegea.

Siku niliyorudi juu, Kasuku hakunipa hata salamu. Kushoto. Shusha. Simama. Basi. Saa nne nikahisi mkojo unaniita, na mwili wote ukataka kubana kama zamani. Nikapumua. Nikautua mzigo uliokuwa hewani, taratibu, nikasubiri waufungue. Kisha nikabonyeza redio ambayo kila fundi anaisikia.

"Kasuku, nashuka."

"Sababu?"

"Mkojo."

Chini waliinua vichwa wote, hata yule aliyejitupa kifudifudi. Nilingoja wacheke.

"Ndoano iko tupu?" Kasuku akauliza.

"Iko tupu."

Nilimwona, mdogo kabisa kule chini, akigeuza kichwa kuitazama bendera.

"Hakuna upepo, Gundi," akasema. "Shuka."