Maji ya Upenuni

Mtoto wa Thurstan mwashi alizaliwa amekwisha kufa, na Padri Odo akakataa kumzika. Asiyebatizwa hana fungu katika ardhi takatifu. Akafukiwe nje ya ua wa kanisa, wanakofukiwa wezi. Ndiyo sheria, na sheria haijawahi kuzaa.

Watu wa kijiji cha Aldermere walikuwa na njia yao, na Hawis, mke wa Thurstan, hakuhitaji kufundishwa. Alimviringisha mwanawe katika kitambaa, yeye na mumewe wakamzika kwa siri chini ya upenu wa kanisa, upande wa kaskazini. Mvua ikinyesha, maji yaliyopita juu ya paa la Mungu yatamdondokea mtoto na kumbatiza. Siku za mvua Hawis alikula. Siku za jua alikaa tu.

Mwaka uliofuata nyasi za paa ziliondolewa. Thurstan akapewa kazi ya kuinua kuta, kuezeka kwa mabati ya madini ya risasi, na kuweka mlizamu wa jiwe wenye sura ya shetani, wa kutema maji mbali na ukuta.

"Kwa hiyo mwanangu akae na kiu," Hawis alisema.

"Mke wangu, maji yakishuka pale yatakula msingi. Chini ni mfinyanzi mtupu."

"Mawe unayaonea huruma. Huyu je, ni wa jirani?"

"Usinichome, Hawis."

"Sikuchomi. Nakuuliza."

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Thurstan, aliyeijua kazi yake kuliko sala zake, aliacha mwanya mwembamba kwenye mfereji wa paa, juu ya kaburi hasa. Mvua ya kwanza ilipodondoka pale, Hawis alimshika mkono, na yeye akajiona mtu mwenye akili.

Maji hayana urafiki. Baada ya vipupwe vichache ukuta wa kaskazini ulipasuka, ngumi ikaweza kupenya. Padri Odo alikuja na fimbo, akachokoa matope.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta, mwashi. Chimba hapa uweke msingi mpya."

"Nitauegemeza kwa nguzo, Padri."

"Nguzo isimame juu ya uji? Chimba. Jumapili watu watasali hapa."

Wala hakuondoka. Thurstan alichimba polepole, lakini udongo uliolowa ulimeguka wenyewe, mifupa midogo ikatokeza.

"Wa nani huyu?"

Angeweza kunyamaza. "Wangu, Padri. Amenyeshewa na maji ya kanisa miaka yote hii."

"Maji bila maneno ni maji tu," Padri alisema, na hakusema kwa ukali. "Mtoe mwenyewe."

Thurstan alimbeba katika chombo cha chokaa, maana hakuwa na kingine. Hawis alimkuta nje ya ua, jembe mkononi, shimo limekwisha kufukiwa. Aliuangalia ule udongo, kisha akauangalia ukuta uliopasuka, akaelewa yote bila kuambiwa.

"Siku ile ungenikatalia tu, mume wangu," alisema.